Rubani wa jeshi, miaka 39, nataka kusomea famasia. Kuna aliyepita njia hii?

BawaLaKushoto

Wakuu, salaam. Nimerusha helikopta za jeshi miaka 16 na mkataba wangu unaisha mwakani. Wenzangu wengi wanakwenda kwenye ndege za abiria, na mlango huo hata kwangu uko wazi, lakini moyo umeelekea famasia.

Chanzo ni mwanangu wa pili. Ana kifafa, anatumia kabamazepini. Siku moja aliandikiwa erithromaisini kwa ajili ya kifua, na baada ya siku mbili akaanza kuyumba akitembea na kuona vitu viwili viwili. Mimi nilikuwa kazini mbali. Mke wangu alirudi dirisha la dawa kuulizia, na mfamasia akamuuliza swali moja tu: "Anameza nini kingine?" Kumbe ile dawa ya kifua inapandisha kabamazepini mwilini. Akampigia daktari palepale, dawa ikabadilishwa, mtoto akatulia. Tangu hapo namfikiria mtu yule.

Nina maswali mawili. Kichwa cha miaka 39 kinaibeba kemia? Na la pili ndilo linaninyima usingizi: nimekosekana nyumbani sana. Miaka minne ya chuo si itakuwa safari nyingine tu?

---

MzeeWaMizani

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara tatu. Nilirusha ndege za mizigo za jeshi miaka 18, nikaingia darasa la famasia nikiwa na miaka 41. Mwaka huu natimiza miaka 17 nyuma ya dirisha la dawa.

Kemia itakuumiza, nisikufiche. Hesabu za dozi hazikunisumbua hata siku moja. Mtu aliyekokotoa mafuta na uzito wa mizigo usiku wa mvua hashindwi na miligramu kwa kilo. Hata habari za mwili nilikuwa nimezionja. Tulipobeba majeruhi, muuguzi alikuwa akiniomba nisipande juu sana, kwa sababu hewa iliyonaswa kifuani hutanuka kadiri unavyopanda. Kwenye futi 18,000 kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa hiyo hukua karibu maradufu na kulibana pafu. Mhadhiri alipoandika ubaoni kanuni ya Boyle, ile ya hewa kutanuka mgandamizo unapopungua, mimi nilikuwa namwona askari mmoja kwenye machela.

Lakini kemia ya kaboni, zile pete na mikono yake, ilinilaza chini. Mtihani wa kwanza nilipata 31 kwa mia. Nikaiweka karatasi mezani nyumbani, na binti yangu, wakati huo yuko sekondari, akaniomba aione.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Niliporudi nyumbani moja kwa moja, nilikuta nyumba inayokwenda vizuri bila mimi. Mtoto alikuwa akitaka ruhusa ya jambo ananipita sebuleni nilipokaa, anakwenda kumuuliza mama yake jikoni. Hakuwa na dharau, ndivyo alivyozoea. Nilijaribu kurekebisha kwa amri, nikaona mlango wa chumba chake unafungwa mapema zaidi kila jioni. Ile karatasi ya 31 ndiyo iliyoufungua. Alivuta kiti akanieleza vifungo vya kaboni, naye alikuwa amevisoma mwezi uleule. Tangu usiku ule tulisoma meza moja, yeye upande wa dirishani, mimi upande wa taa. Mama yake aliniandikia kadi za majina ya dawa: enalaprili na lisinoprili ukoo mmoja, atenololi na propranololi ukoo mwingine. Aliniuliza kadi ishirini kila jioni, na nikikosa anairudisha chini ya bunda bila kusema neno. Kwa hiyo chuo hakikuniondoa nyumbani. Nadhani kwa mara ya kwanza niliwahitaji waziwazi, nao wakaona.

Sasa kazi yenyewe. Kuna kitu utaingia nacho ambacho wenzako watakisotea miaka: orodha ya ukaguzi. Unaijua habari ya Oktoba 1935, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilipoanguka Ohio mara tu baada ya kupaa. Injini zilikuwa nzima. Kufuli linaloshika usukani wa mkia ndege ikiwa imeegeshwa halikuwa limefunguliwa. Ployer Hill, aliyekuwa akiirusha, alikuwa rubani hodari, na akafa. Ndipo marubani wa jeshi walipoanza kutumia karatasi ya kukagua hatua kwa hatua, maana kumbukumbu ya mtu hodari nayo huteleza.

Mimi kila cheti cha daktari nakisoma kwa sauti, jina la dawa, nguvu yake, mara ngapi, kwa muda gani, kama nilivyokuwa nikirudia maneno ya mnara wa kuongozea ndege. Mwaka wangu wa pili kazini kilikuja cheti cha methotreksati kwa mama mwenye ugonjwa wa viungo. Kimeandikwa: kila siku. Dawa hiyo kwa ugonjwa huo humezwa mara moja kwa wiki. Ukiimeza kila siku inaweza kuua uboho unaotengeneza damu. Kwa macho ningepita. Ulimi ndio uliokwama kwenye "kila siku". Nikapiga simu, ikarekebishwa, na yule mama akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nilimweleza yote, nikamwomba aniambie ni siku gani ya wiki atakuwa anameza. Akachagua Jumapili. Nikaiandika kwenye pakiti kwa herufi kubwa.

Na kuna kitu lazima ukiache mlangoni, nacho ni cheo. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu lilikaribia kunifanya nimdhuru mtu. Mtarajali mmoja, yaani aliye kwenye mafunzo ya kazi, binti mpole sana, alinishikia mkono nikiwa natayarisha insulini. "Samahani mzee, hii ni 10 au 100?" Daktari alikuwa ameandika 10 akaiunganisha na U ya yuniti, na mimi nilisoma mia moja. Sauti ya ukapteni ilishanifika kooni. Nikakumbuka uwanja wa ndege wa Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili zilipogongana, wakafa watu 583. Moja ilikuwa ikianza kupaa; mhandisi wake aliuliza kama ile nyingine imeshaondoka njiani, rubani mkuu akamjibu kwa uhakika, na mhandisi akanyamaza. Nikaweka sindano chini, nikapiga simu. Ilikuwa 10. Siku hiyo nilimwomba yule binti mbele ya wenzake wote aendelee kuniuliza hivyohivyo.

---

MtotoWaRubani

Shikamoo mzee hapo juu. Baba yangu naye alipita njia hiyo. BawaLaKushoto, naongeza moja ambalo hakuna aliyemwambia baba: kapime masikio kabla hujaanza chuo. Kelele za injini hula kwanza sauti nyembamba, zile za s na f na t. Nyumbani tulizoea kupaza sauti. Lakini mgonjwa mwenye aibu dirishani hunong'ona, na baba alikuwa akimwomba arudie, watu wengine wanasikia. Lilimwuma sana. Alipopata vifaa vya kusikia na kachumba kadogo cha faragha pembeni, wagonjwa walianza kumuulizia yeye kwa jina.

Na kuhusu kukosekana: mimi sikumbuki baba alisoma miaka mingapi. Nakumbuka kwamba alikuwepo siku jino langu lilipong'oka, na kwamba siku hiyo ilikuwa katikati ya wiki.

---

Nukta_na_Sifuri

Nafundisha famasia. Wanajeshi wa zamani nimewapokea kadhaa, na umri haujawahi kuwa kikwazo chao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sheria ya mwaka 1944 ya Marekani ya kuwasomesha waliotoka vitani ilipeleka zaidi ya milioni mbili vyuoni, baadhi yao wana wake na watoto tayari, na walisoma.

Ninachowaona wakiangukia ni kuanza baridi. Usingoje muhula ufunguliwe. Rudia kemia ya sekondari kuanzia moli na vifungo, miezi sita, kila siku kidogo. Omba pia kukaa wiki mbili kwenye famasia ya hospitali ukiangalia tu. Utaona kwamba sehemu kubwa ya siku ni kusimama, kuhesabu, kupiga simu, na kumweleza mtu yuleyule jambo lilelile kwa upole kama mara ya kwanza. Kama hilo linakuvuta, njoo. Kama linakuchosha, kuna ugavi wa dawa, kuna viwanda, huko nako nidhamu yako itapata kazi.

Mzee wa Mizani, ile ya U na sifuri naifundisha kila mwaka: andika "yuniti" kwa kirefu, na usiache sifuri baada ya nukta, maana 5.0 husomwa 50. Naomba ruhusa niwasomee wanafunzi wangu habari ya yule mtarajali.

---

MzeeWaMizani

Wasomee, mwalimu. Yeye sasa ndiye mkuu wa famasia tunayofanya kazi, na mimi ndiye ninayemuuliza.

---

BawaLaKushoto

Wakuu, nimesoma haya yote nikiwa na mke wangu pembeni. Alipofika pale kwenye mtoto anayepita sebuleni kwenda kumuuliza mama, aliniangalia na hakusema kitu. Kwetu ni vilevile.

Masikio napima wiki ijayo. Vitabu vya kemia vya mwanangu mkubwa nimeviomba, akaniuliza nina shida gani, nikamwambia naomba anifundishe moli. Amesema kesho baada ya shule. Mzee, swali moja la mwisho: zile kadi, mama alianza na dawa zipi?

---

MzeeWaMizani

Alianza na zile zilizokuwa kwenye kabati letu wenyewe. Wewe anza na kabamazepini.