Kiwele cha mbuzi kimekuwa cheusi, kikatwe?

Mfugaji wa Kisauni: Salaam aleikum. Mbuzi wa kilo 30, kazaa wiki jana. Nusu ya kiwele i baridi kama samaki wa barafuni, nyeusi, yatoka maji mekundu. Sindano za siku 3 hazijafaa. Akatwe?

Vet Likoni: Waaleikum salaam. Nusu hiyo imekufa, dadangu, maziwa usahau. Ila asikatwe leo akiwa na homa na hali chakula. Kwanza drip, antibiotiki na dawa ya maumivu. Wengi huwatosha kukatwa chuchu tu ili uchafu uchuruzike. Nyama iliyooza hujitenga yenyewe kwa wiki kadhaa. Mzuie nzi, joto letu hili huleta funza upesi.

Mpasuaji: Kikiondolewa chote, ateri ya kinenani (mshipa uletao damu kiweleni) ifungwe kwanza, mara mbili, vena (mshipa uitoao) mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, kiwele hujaa damu na mbuzi huishiwa. Lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 isipite mililita 7 kwa mbuzi huyu wa kilo 30, ikizidi, degedege.

Mfugaji wa Kisauni: Na ng'ombe je?

Mpasuaji: Mishipa minene mno, kiwele kizito. Aghlabu hukatwa chuchu tu.