Majeruhi wa bodaboda: mnawaandikaje wasipotee kwenye rejista?

Nesi wa Zamu
Habari za kazi. Niko mapokezi ya dharura, hospitali ya wilaya kando ya barabara kuu, hapa Tanzania. Mwezi uliopita, alfajiri, aliletwa kijana kavunjika paja, hajitambui. Nikamwandika "Hajulikani, Me". Thieta wakamwandika Juma, kwa kumsikia bodaboda aliyemleta. Wodini mama yake akaja na jina jingine kabisa. Mtu mmoja, mistari mitatu, mwisho wa mwezi majeruhi watatu. Akapewa rufaa, na hadi leo sijui kama alipona. Na kinachoniuma: hakuna mstari uliotaja pikipiki, wala kona aliyoangukia. Kona ile naijua! Nataka siku ya kikao cha wilaya niweke ushahidi mezani. Wenzangu mnafanyaje?

Mzee wa Takwimu
Pole dada. Ukiandika "kavunjika paja" tu, umeandika jeraha, chanzo umekiacha. ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, ina misimbo ya vyote viwili: jeraha ni S au T, na aliyeumia akiwa juu ya pikipiki, dereva au abiria, ni V20 hadi V29. Pembeni andika mahali, saa, na kama alivaa helmeti. Kuhusu majina, mpe namba pale mlangoni, iandike kwenye plasta, mbandike mkononi. Thieta aende nayo, wodini aende nayo, na kwenye barua ya rufaa iwepo.

Tabibu Mkongwe
Ongeza na alama ya Kampala, ya kupima ukali wa majeraha. Imetungwa Uganda kwa hospitali kama zetu: umri, presha, upumuaji, fahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Kipimo cha presha na macho yako vinatosha. Ila angalia suala la PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Mtu akimwona askari atasema aliteleza bafuni. Mimi huuliza wakati namsafisha kidonda, tukiwa wawili tu.

Nesi wa Zamu
Asanteni sana, plasta naanza usiku huu. Na aliyefia barabarani akapelekwa mochwari moja kwa moja? Kwangu hapiti kabisa.

Mzee wa Takwimu
Huyo ndiye anayesahaulika. Kila Jumatatu nenda mochwari na daftari lako, nakili kutoka kitabu chao. Muulize na mhudumu walitokea kona ipi. Ndugu wakija kuchukua mwili humsimulia yote.