Meno ya tairodi ya IST yamepondwa, naweza kuyarudisha mwenyewe nyumbani?

wete_kwetu
Assalaam alaykum mafundi na wenye magari. Nna Toyota IST yangu hapa Wete, Pemba, juzi niliipeleka kwa fundi kubadilisha bushi za kontroli am, sasa yule kijana tairodi endi (kiungo cha steringi kinachogeuza gurudumu) ikamgomea kutoka kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu), akatoa nati yote halafu akaigonga nyundo moja kwa moja juu ya ncha. Imetoka ndio lakini ncha imefura kama uyoga na meno ya mwanzo ya bolti yake mawili matatu yamelala, nati haishiki kabisa. Akatafuta nati nyengine duka la vifaa vya ujenzi, hio inaingia kidogo inakwama, nikamwambia basi acha. Tairodi yenyewe nzima, haichezi, mpira haujachanika. Nimeuliza Chake wanasema mpya mpaka iagizwe Unguja ije na meli, na gari hii ndio ya kupeleka watoto skuli na mama hospitali.

La pili, bolti moja ya breketi ya bushi ya stabiliza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), ile ya spana 14, imetoka na meno ya ndani kwenye fremu, ukiirudisha inazunguka tu haikazi. Kutu huko chini si mchezo.

Nna jiliwa, tupa, msumeno wa chuma na grainda ndogo, tepu na dai (za kukata meno ya ndani na ya nje) ntaazima. Nifanye mwenyewe au ntakuwa najitafutia balaa? Na dai ya saizi gani?

fundi_mikunguni
Wa alaykum salaam. La kwanza hio nati ya ujenzi iweke mbali kabisa na hio tairodi, hapo ndipo meno mengi yanapouliwa hapa kwetu. M12 (unene wa milimita 12) ya duka la ujenzi kawaida pichi yake, yaani umbali wa jino hadi jino kwa milimita, ni 1.75 na M10 pichi 1.5, gari za Kijapani bolti nyingi za chini ni pichi 1.25. Kwa macho zinafanana na zinashikana mwanzo, ukiongeza nguvu ndio inakwenda inachinja meno mazima.

Usikisie saizi, pima. Weka rula juu ya meno yalio mazima, ukihesabu manane ndani ya sentimita moja basi ni 1.25. Unene upime kwa venia. Na nati yake ya asili usiitupe, hio ndio shahidi wako, dai yoyote utakayoazima bolti iliyokatwa kwa saizi hio iingie kwenye nati yako kwa vidole tu.

Sasa kabla hujagusa kitu angalia meno yalioumia yako wapi. Kama ni yale ya juu kabisa tu, na nati ikishakazwa inakaa chini yake kwenye meno mazima, hio inatengenezeka na utaendesha bila wasiwasi. Kama yamenyofoka pale pale nati inapokaa, au bolti imepinda hata kidogo, nunua mpya, hio ndio inashika gurudumu na steringi, hapana njia nyengine.

Kufanya: ifunge kwenye jiliwa kwa mwili wake wa chuma, si kwa mpira wala si kwa ile sehemu iliochongoka kama koni, koni ikichubuka haitokaa vizuri kwenye nako. Funga kitambaa juu ya mpira chembe za chuma zisiingie. Usianze na dai. Anza na tupa, ondoa ile ncha iliofura pole pole mpaka irudi unene wake halafu ilaze ukingo pembeni uwe na mteremko mdogo wa kuipokea nati. Kisha tupa ndogo ya pembe tatu, fuata mfereji wa jino moja moja, unainua lile lililolala huchimbi jipya. Ukiharakisha hapa umeharibu. Baada ya hapo ndio dai na mafuta, iingie imenyooka, nusu mzunguko mbele robo nyuma, ukiona ngumu rudi usafishe. Dai ikianza upande itakata njia yake mpya juu ya ile ya zamani na hapo tairodi ndio imekwisha.

dereva_wa_kirikuu
Mbona mnampa kazi kubwa hivyo, si achomee nati na weldi kwenye ncha pale yaishe, mimi nimeona gari zinatembea hivyo Konde mpaka Mkoani

fundi_mikunguni
Kaka wallahi usimshauri mwenzako hivyo. Ile bolti ya tairodi ni chuma kilichopikwa kiwe kigumu, ukikipiga moto wa weldi pale pembeni kinakuwa rahisi kukatika, na kinakatika ghafla hakikupi taarifa. Halafu ndani ya kile kichwa mna kikalio cha plastiki na grisi, joto likifika mle vinayayuka, utaanza kusikia inagonga barabarani. Na siku ya kuibadilisha utaikata na nako pia itaumia. Zinatembea ndio, lakini ikiachia uko kwenye mteremko na abiria gurudumu linakwenda njia yake.

chake_daladala
Naongezea kwa wete_kwetu, kama dai hukupata iko njia ya nati iliokatwa. Chukua nati nzuri ya saizi hio hio, ya gari si ya ujenzi, ikate kwa msumeno katikati iwe vipande viwili. Vikae kwenye meno mazima ya chini, chini ya pale palipoumia, vibane pamoja kwa vaisi gripu (koleo la kujifunga) halafu zungusha kuelekea nje. Inapotoka inayanyoosha meno yaliolala, na kwa sababu imeanza kwenye njia nzuri haiwezi kupotea. Tia mafuta, rudia mpaka itoke laini. Mie naipenda hii kuliko dai kwa kazi kama hii, dai inakata chuma na hapa hutaki kukata unataka kunyoosha.

Nyengine, ukipata nati ngumu ya ziada pitisha bapa la msumeno ndani ya tundu lake uchore mifereji mitatu kuvuka meno, ikawa ni kisafishio, kutu na uchafu unaingia kwenye ile mifereji.

wete_kwetu
Ahsanteni sana, hii ya nati iliokatwa sikuwahi kuisikia, na bahati nzuri meno yalioumia ni yale ya juu ya nati, chini safi. Na ile ya kwenye fremu?

fundi_mikunguni
Hio spana 14 kwa kawaida ni M10 pichi 1.25, ila pima vile vile. Kwanza usikate tamaa, mara nyingi meno ya ndani yamejaa kutu na unga wa bolti ya zamani tu. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, iache usiku, asubuhi pitisha tepu kwa mkono, hapana impekti hapana mashine, robo robo unarudi nyuma. Tepu ikikukatikia mle ndani imekuwa kazi nyengine, chuma chake kigumu drili ya kawaida haikitoboi.

Kama meno hayapo kweli, angalia nyuma ya ile sehemu. Pakiwa na nafasi ya spana, ingiza bolti ndefu iliyoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani (namba za nguvu yake) ipite, na nati yake upande wa pili, bolti isiyo na namba usiweke huko. Pasipo nafasi kuna zile koili za kutia meno mapya, unatoboa na kukata kwa tepu yake yenyewe ambayo ni kubwa kidogo kuliko ya bolti, kisha unaiingiza koili na bolti yako ya zamani inarudi kama ilivyo. Lakini hio inataka chuma kinene. Kama pale ni bati lenye nati iliochomelewa kwa nyuma na nati ndio imekufa, mpelekee mchonga vyuma, stabiliza inaweza kukusubiri ukiendesha taratibu, tairodi haisubiri.

wete_kwetu
Leo Alhamdulillah nati imepanda kwa vidole mpaka chini. Tatizo nikianza kukaza bolti nzima inazunguka nayo.

chake_daladala
Hio kawaida, koni haijashika kwenye nako. Isukume tairodi ikae barabara tunduni, weka jeki ndogo au nondo ikandamize huku unakaza, ikishashika koni itaacha kuzunguka. Na hakikisha tundu la nako na koni yenyewe vikavu havina grisi wala kutu.

fundi_mikunguni
Na nati weka mpya, zile zenye plastiki ndani ni za mara moja, na kama ni ya taji (yenye mapengo juu) kaza kipimo chake halafu songa mbele mpaka tundu la kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke) lilingane, usilegeze kurudi nyuma ulitafute. Kotapini mpya pia, ile ya zamani ukiinyoosha ukaikunja tena inakatika. Kama hukugusa yale meno marefu ya ndani ya tairodi, kazi hii ya tairodi haijabadilisha alaimenti (mpangilio wa magurudumu). Ukishaendesha kidogo mpaka mjini na kurudi, inua gari, shika gurudumu kulia na kushoto usikilize.

Na siku nyengine ikigoma kutoka mwambie kijana aiache nati imeshika mizunguko michache, agonge ubavuni mwa sikio la nako na nyundo nzito ameegemeza upande wa pili, au aazime pula (kifaa cha kuitolea). Ncha haiguswi.

wete_kwetu
Nimeshika gurudumu halichezi. Kesho tepu ya M10, kijana wa jirani anaileta kutoka Chake.