Mrejesho: mfuko wa yatima wa parokia yetu
Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kutenganisha michango ya yatima na fedha za uendeshaji wa parokia, nanyi mkasisitiza akaunti ya pekee. Tumeifungua, ina watia saini watatu, na hakuna malipo yanayopita bila saini za wawili kati yao, huku mweka hazina akitoa stakabadhi zenye namba mfululizo, nakala ikibaki kitabuni. Taarifa ya mapato na matumizi hubandikwa ubaoni, na mzee mmoja aliyekuwa amesusa kuchanga ameisoma, akaanza kutoa tena, nimefarijika mno. Usajili wa NGO (shirika lisilo la kiserikali) chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 ya Tanzania, inayodai taarifa ya kila mwaka, tutauomba hesabu zikishazoeleka.