Mzee wa presha: ni lazima tukae foleni ya dharura?

Mama wa Kayole:
Habari zenu. Baba mkwe ana presha na kisukari. Dawa zikiisha tunakimbilia hospitali kubwa, na kwa vile kliniki imejaa tunatupwa dharura. Juzi tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi giza likaingia. Waliogongwa na bodaboda wakipitishwa mbele yetu, sawa, ni haki yao. Kisha daktari akaandika dawa zile zile! Nitampata wapi daktari mmoja amjuaye huyu mzee, bila bei za kliniki za kibinafsi?

Jirani Dandora:
Nenda duka la dawa, mama. Wanapima na kuuza hapo hapo.

Sista wa zamu:
Usimsikize huyo. Nani atamwangalia figo na macho huko dukani?

Mimi ni muuguzi, meza yangu ni ile ya kwanza mnayofikia dharura, ya kupanga wagonjwa kwa rangi: nyekundu ni mahututi, kijani ni anayeweza kungoja. Mzee wako kwangu ni kijani. Akiingia wa nyekundu anatokwa damu, kijani atangoja, hata unigombeze vipi.

Mpeleke zahanati au kituo cha afya cha mtaa, yaani level 2 au 3. Hapa Kenya, tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, huduma za huko hulipwa na hazina ya afya ya msingi. Akishasajiliwa kwa *147# hadaiwi kitu, hata kama hajatoa mchango. Ule mchango wa 2.75% ya mapato, au angalau shilingi 300 kwa mwezi kwa asiye na mapato makubwa, ni wa kulazwa na hospitali za juu.

Huko utamkuta klinikal ofisa, yaani mtabibu asiye daktari kamili. Madaktari waliosomea udaktari wa familia ni wachache mno, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza 2005 tu. Basi shika jina la huyo ofisa na siku zake za zamu, umrudie yeye yule.

Ila mdomo ukipinda, mkono ukilegea au kifua kikimbana, mlete kwetu hata usiku wa manane. Katiba, kifungu cha 43, hairuhusu mtu anyimwe matibabu ya dharura.

Mama wa Kayole:
Asante sista. Na dawa zikikosekana huko?

Sista wa zamu:
Hukosekana, sikufichi, na ndipo wengi hurudi kwetu. Nunua walizoandika, lakini vipimo viandikwe kwenye kitabu chake, si kikaratasi. Akihitaji mtaalamu, dai barua ya rufaa uende nayo kliniki.