Tindikali ndani ya chupa ya maji ya kunywa: malalamiko yangu kwa mafundi tailizi na wauza "dawa" wa Mbeya

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimesita kwa wiki mbili kuandika uzi huu, kwa sababu mtu aliyefundisha kemia sekondari kwa miaka 31 huona haya kukiri hadharani kwamba nyumba yake imemwagiwa tindikali na fundi aliyemlipa yeye mwenyewe. Hata hivyo, haya zangu hazitanirudishia sakafu. Isitoshe, nimekwenda kuangalia nyumba za majirani zangu watatu hapa Isyesye na kukuta maradhi yaleyale, na wote watatu walikuwa wakiamini kwamba wamenunua tailizi mbovu. Hawakununua tailizi mbovu. Walichonunua ni dawa, na ndiyo ninayoilalamikia hapa.

Nyumba yangu niliimaliza mwaka jana kwa kiinua mgongo. Sebuleni na kwenye korido niliweka tailizi za poseleni zenye kung'aa, za sentimita 60 kwa 60. Bafuni na chooni niliweka za kauri za 30 kwa 30. Na kwenye kizingiti cha mlango wa mbele niliweka bamba la marumaru halisi, yaani jiwe, ambalo shemeji yangu alinipa kama zawadi ya kustaafu. Nasema "halisi" kwa makusudi. Sisi tumezoea kukiita kila kigae cha sakafuni marumaru, na mazoea hayo ya ulimi, kama mtakavyoona, yamenigharimu jiwe zima.

Fundi alipanga vizuri na sina ugomvi na upangaji wake. Pima maji ilitulia kila chumba na hakuna kona iliyonyanyuka. Tatizo lilianza siku ya kujaza mianya. Alikoroga saruji nyeupe ikawa kama uji, akaisambaza juu ya sakafu kwa kipande cha mpira ili iingie katikati ya tailizi, jambo ambalo ni la kawaida kabisa. Lakini uji ule hufutwa ungali mbichi, kwa sponji lenye unyevu, mara ya kwanza na mara ya pili, huku maji ya ndoo yakibadilishwa kila yanapochafuka, na hufutwa chumba kimoja kabla ya kuanza kingine. Yeye alisambaza chumba baada ya chumba mpaka jioni, akafunga begi lake, akapanda bajaji akaenda zake. Asubuhi sakafu nzima ilikuwa imefunikwa na utando mweupe mfano wa ukungu wa Uyole mwezi wa Juni, nilipouliza nikajibiwa, "Usijali mwalimu, hiyo tunaimalizia na dawa."

Siku hiyohiyo nilipata habari ya msiba Tukuyu. Nilimwachia fundi shilingi 10,000 za dawa, nikaondoka, nikakaa huko siku tatu. Laiti ningemuuliza dawa hiyo inaitwaje! Yaliyofuata nimesimuliwa na mke wangu, na mengine nimeyasoma mwenyewe sakafuni.

Dawa ilikuja katika chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, isiyo na karatasi yoyote wala alama yoyote. Fundi aliimimina kama ilivyo, bila kuizimua kwa maji, juu ya sakafu kavu, na ukavu huo ni kosa la pili ndani ya kosa la kwanza, kwa kuwa mwanya mkavu hunyonya chochote unachoupa, wakati mwanya uliokwisha kushiba maji safi hunyonya kidogo. Povu likapanda kwenye kila mwanya, likachemka kwa sauti, na fundi akamwambia mke wangu kwa fahari, "Unaona mama, uchafu unavyotoka."

Huo haukuwa uchafu. Hilo ni jaribio ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili hulifanya kwa maganda ya mayai: ukimwagia tindikali ya haidrokloriki kitu chenye chokaa, hutoka gesi ya kaboni dioksaidi, ile ambayo ukiipitisha kwenye maji ya chokaa yanageuka meupe kama maziwa. Saruji iliyokauka imejaa chokaa. Tindikali huigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka majini, na ukisuuza inaondoka na maji. Utando uliokuwa juu ya tailizi ulikuwa saruji, ndiyo, lakini kilichojaza mianya nacho kilikuwa saruji ileile, iliyokorogwa ndani ya karai lileile, na tindikali haina macho ya kuchagua ipi iile na ipi iiache. Povu lile ambalo mke wangu aliambiwa ni uchafu lilikuwa ni sakafu yangu inayotafunwa, nami nilikuwa nimelipia.

Najua utetezi utakaokuja, kwa sababu nimeshaambiwa ana kwa ana: "Mbona tailizi zenyewe zinang'aa?" Zinang'aa, nakubali. Poseleni ni ngumu na imefungamana kiasi kwamba kwa vipimo vya kimataifa hairuhusiwi kunyonya maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na tindikali ya aina hii haiwezi kuifanya lolote la kuonekana kwa siku moja. Ndiyo maana hila hii haigunduliki. Mwenye nyumba anaonyeshwa uso wa tailizi, anafurahi, analipa, na fundi anaondoka. Mianya huanza kusema baada ya miezi mitatu au minne, wakati namba ya fundi haipatikani tena.

Kwangu ilisema mapema. Sebuleni saruji imeshuka na kuwa unga unaotoka kwa ufagio, na mahali pake pameingia udongo mwekundu wa barabara yetu, hivyo sakafu ina mistari ya rangi ya kutu kama daftari la hesabu. Kule bafuni tailizi ni za bei nafuu, na mng'ao wake umefifia kwa mabaka, palepale dawa ilipotuama. Bomba la sinki na bawaba za mlango zimeota kutu ingawa hakuna aliyezimwagia kitu, kwa sababu mvuke wa tindikali hiyo hutafuta chuma popote kilipo ndani ya chumba kilichofungwa. Na bamba la shemeji yangu, ambalo fundi alilipiga dawa pamoja na mengine kwa kuwa "ni marumaru kama hizo nyingine", sasa ukilipapasa ni kama msasa. Marumaru halisi ni chokaa tupu. Hata maji ya ndimu huiacha na doa.

Hasara ya vitu ningeweza kuivumilia. Kisichovumilika ni cha siku ya pili. Choo kilikuwa bado kinanuka ile dawa, na mke wangu, kama ambavyo mama yeyote mwenye nyumba angefanya, alimwaga jiki ili kuondoa harufu. Hakujua, na wala hapakuwa na karatasi kwenye chupa ya kumwambia, kwamba jiki ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini. Hiyo ndiyo gesi ambayo majeshi ya Ujerumani yaliitumia kuua askari pale Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Alitoka akikohoa na macho yakimtiririka, akakaa uani kwenye baridi mpaka jirani alipokuja kumpeleka hospitali, akapewa hewa ya oksijeni, akarudi jioni. Mjukuu wetu wa miaka mitano alikuwa amelala chumba cha pili. Namshukuru Mungu kwamba mlango wa chumba hicho ulikuwa umefungwa.

Niliporudi kutoka Tukuyu nilichukua chupa na kumtaka fundi anipeleke dukani alikoinunua. Kijana wa dukani alinipa shikamoo kwa adabu, nikaitikia, nikamweleza. Aliitazama chupa, akaitazama tena, kisha akasema, "Mzee, hii ni chupa ya maji. Una uthibitisho gani kwamba imetoka hapa?" Nyuma yake, chini ya rafu ya misumari, zilikuwa zimepangwa chupa za namna hiyohiyo, zenye maji ya rangi ya manjano iliyofifia, na hakuna hata moja iliyoandikwa kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukosekana kwa jina kwenye chupa si uzembe wala ubahili wa karatasi. Chupa isiyo na jina haina mwenyewe. Haina kipimo cha kuchanganya, kwa hiyo mnunuzi ndiye "aliyezidisha". Haina onyo, kwa hiyo mnunuzi ndiye "aliyechanganya na vitu vingine". Na haina duka, kwa hiyo hakuna wa kushitakiwa.

Na fundi naye anafaidika vivyo hivyo. Kufuta saruji ikiwa mbichi kungemgharimu sponji mbili, ndoo za maji na magoti ya saa chache. Hakutaka. Akaliacha kosa lake likauke, akaliita uchafu, kisha akanitoza mimi fedha ya kulificha. Nilipombana alisema, "Mwalimu, nyumba zote tunapiga hiyo." Nadhani katika hilo alisema kweli.

Nchi hii ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tindikali ni kemikali, hata ikitiwa ndani ya chupa ya maji na kuitwa dawa. Naipeleka chupa yangu kwa maandishi, na ninawaomba wenye chupa kama hizo wasizitupe.

Wapo watakaoniuliza sasa tusafishe kwa nini. Jibu linanitia hasira zaidi kwa jinsi lilivyo rahisi. Adui mkuu wa tailizi za Mbeya ni mchanga. Udongo wetu una chembe ngumu za volkano, tunaziingiza kwa viatu, na kila hatua inazisugua juu ya mng'ao. Kwa hiyo zulia gumu la mlangoni na ufagio laini kabla ya kupiga deki vinafanya kazi kuliko chupa yoyote ya dukani. Anayepiga deki bila kufagia kwanza anasugua sakafu yake kwa msasa wenye maji. Baada ya hapo ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo sana, kisha maji matupu, kisha kitambaa kikavu. Sabuni ikizidi hubaki kama utando, utando hushika vumbi, mama mwenye nyumba huona sakafu imefubaa, na hapo ndipo jirani humshauri akanunue "dawa". Mianya husuguliwa kwa mswaki wa zamani na magadi soda yaliyolowanishwa. Bafu likaushwe na dirisha lifunguliwe, hasa kuanzia Novemba mpaka Aprili, kwa kuwa katika mvua zetu na baridi yetu mwanya ukilowa haukauki upesi, na kuvu mweusi anaota. Utando wa saruji uliokwisha kukauka hulowanishwa kwa maji na kusuguliwa kwa brashi ya nailoni kwa uvumilivu, siku mbili au tatu. Siki iliyozimuliwa husaidia kwenye poseleni, kwa dakika chache tu na kusuuzwa mara moja, lakini isiguse jiwe, na isiachwe kwenye mianya, kwa maana siki nayo ni tindikali, ila ni mpole.

Sasa nimeambiwa na fundi mwingine, mtu mzima kutoka Iringa aliyekuja kunikagulia, kwamba mianya yote ya sebule na bafu inabidi ikwanguliwe mpaka chini na kujazwa upya kwa grauti ya mfuko badala ya saruji nyeupe tupu. Bafuni alipogonga kwa mpini wa nyundo tailizi 11 zililia kama debe tupu, maana yake maji yameshapita chini na zimeachia. Hizo zitang'olewa, na za rangi ile haziko tena sokoni. Mabaka hayatibiki. Kuhusu kizingiti alitikisa kichwa tu, akasema labda mwenye mashine ya kusugua mawe, na hapa mjini hakumjua.

Kwa hiyo nauliza, na naomba majibu ya watu waliokwisha kufanya, si ya kubahatisha: kuna fundi hapa Mbeya anayekubali kuandika kwenye mkataba kwamba atafuta saruji siku hiyohiyo na hatatumia tindikali? Na kuna mwenye mashine ya kusugua jiwe, hata akiwa Makambako au Njombe, niko tayari kumlipia nauli.

Chupa yenyewe bado ninayo, imebaki kama robo. Nimeibandika karatasi na kuandika TINDIKALI kwa kalamu nyekundu, nikaiweka juu kabisa stoo na kufunga kwa kufuli, kwa sababu siku niliyorudi kutoka msibani niliikuta imesimama jikoni kando ya ndoo, na mjukuu akaniuliza, "Babu, haya maji mbona hamnipi?"