Naomba ushauri: matumizi ya kaya kuzidi asilimia 80 ya pato la taifa

Wakuu, habari zenu. Naandika ripoti ya chuo na nimekwama. China matumizi ya kaya ni takriban asilimia 40 tu ya pato la taifa, Marekani karibu 68, lakini zipo nchi maskini zinazovuka 80. Nilieleza kwamba mwenye kipato kidogo hana cha kuweka akiba, chote kinaishia tumboni. Msimamizi wangu akasema nimerahisisha mno.

Kuna hata nchi ambako matumizi huzidi asilimia 100! Hilo nimelielewa baada ya kuhangaika: bidhaa za kutoka nje huhesabiwa ndani ya matumizi, kisha hutolewa kwenye hesabu ya jumla, na pengo hulipiwa na misaada, mikopo au fedha wanazotuma ndugu walio ng'ambo. Ila mkulima anayekula mavuno yake mwenyewe? Chakula hicho hukadiriwa thamani na kuingizwa humo, na makadirio hayo (tuseme ukweli) yana kubahatisha kwingi.

Sasa nikilinganisha nchi mbili, uwiano huu unatosha, au niuweke sambamba na uwekezaji na mizani ya biashara (yaani tofauti kati ya mauzo ya nje na manunuzi kutoka nje)? Aliyewahi kushika takwimu hizi anielekeze.